Hiyo bunduki nani aliisainia?

Hadithi yangu ya kwanza ya kivita ambayo mwenyewe niliiona ni moto wa kuotea mbali iliuawa na swali moja la mjomba. Nilikuwa nimemsomea mpaka pale ambapo komando wangu, jina lake Kapteni Simba Radi (msinicheke, nilikuwa na miaka 19), anaishiwa na risasi, anaitupa bunduki chini, anachomoa kisu na kuwaendea wale viumbe wa sayari nyingine peke yake. Hapo nilikuwa nasoma kwa sauti nzito nikingoja mjomba aseme mashallah. Akanywa kahawa yake, akakiweka kikombe, akaniuliza, "Hiyo bunduki nani aliisainia?"

Nikamwambia mjomba, hapo ni vita, dunia inaisha, nani ana habari ya saini. Akasema, "Mjomba, dunia itaisha, kwatamasta atabaki." Kwatamasta ndo mkubwa wa stoo ya jeshi, huchukui kitu kwake bila kusaini.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi ni wa Mombasa, nimekulia Majengo. Mwaka 2008 binamu yangu alirudi kutoka Maskati na mashine ya gemu, Xbox 360, ndani ya begi la nguo, na gemu ya Halo 3 juu yake, tukacheza wiki tatu mfululizo, stima ikipotea tunataka kulia. Sasa fikiria watoto wa Mombasa wanagundua kwamba ndani ya ile gemu vita vya mwisho vya binadamu vinapiganwa kwetu. Si London, si New York. Mwaka ni 2552, mji unaitwa New Mombasa, una lifti ya kupanda mpaka angani, na ukitoka hapo unashika barabara ya Tsavo mpaka Voi. Voi! Ile ile ya basi za Nairobi. Halafu 2009 ikaja Halo 3: ODST, ambayo karibu yote ni New Mombasa, usiku, mvua, mji umehamwa, na misheni zake zinaitwa Tayari Plaza, Kizingo Boulevard, Kikowani Station. Mtu wa Mombasa ukimtajia Kikowani anawaza makaburi, hawa jamaa wakatuwekea stesheni ya treni. Tulicheka sana hiyo siku. Lakini kicheko kilipoisha nikaona kitu kingine, majina yetu yamo, mitaa yetu imo, ila wanaopigana na kutaniana na kufa kishujaa karibu wote wanaongea Kimarekani. Ndo nikaanza kuandika zangu. Fanfikshen, hadithi za mashabiki, yaani unaingia kwenye ulimwengu aliouumba mtu mwingine halafu unawatia humo watu wako.

Tatizo, niliowatia hawakuwa watu. Walikuwa misuli na majina.

Mjomba ni kaka yake mama. Alikuwa askari wa nchi kavu, koplo, na mwaka 1993 alipelekwa Croatia na kofia ya bluu ya Umoja wa Mataifa, wakati ule Kenya ilikuwa na batalioni nzima huko. Amestaafu zamani, macho yana mtoto wa jicho kwa hivyo hasomi, anasomewa, na mimi ndo msomaji wake baada ya alasiri barazani kwake. Nilianza kumsomea kwa sababu nilidhani atanisifu. Kama mnatafuta mtu wa kuwasifu msimtafute koplo mstaafu.

Siku ile ile ya Simba Radi akanipa kisa cha tochi. Alikuwa lindo, usiku, kwenye kilima huko Croatia, theluji mpaka magotini, baridi ya kukufanya ulitamani jua la Likoni saa saba mchana ukingoja feri. Upande wa pili wa magunia ya mchanga kulikuwa na utepe na vibao vya fuvu, pana mabomu ya kutegwa ardhini, hakuna kupita. Sasa mjomba akaiweka tochi juu ya magunia ili avae glavu, tochi ikateleza, ikaangukia kule, ikazama. Nikamuuliza, ukaogopa? Akasema ajabu! Nikadhani anasema mabomu. Wapi. Alikuwa anamuogopa sajini wa stoo. Ile tochi aliisainia. Akamuomba mwenzake amuazime yake amulike, mwenzake akakataa katakata, manake na yeye yake aliisainia, ikipotea na hiyo je? Basi mjomba akalala kifudifudi juu ya magunia, mwenzake kamshika mshipi kwa nyuma, akawa anapapasa theluji gizani kwa mkono mtupu, karibu saa nzima, upande wa mabomu. Akaipata. Na mpaka leo akisimulia hii habari mabomu anayapitia tu kama mtu anayekutajia kwamba siku hiyo kulikuwa na mawingu, anachokaa nacho ni yule sajini, masharubu yake, kalamu yake nyekundu, na jinsi alivyokuwa akifungua laja, lile daftari la stoo, polepole huku anatia mate kidoleni.

Nilirudi nyumbani nikakaa na hiyo tochi kichwani siku kadhaa. Simba Radi haogopi kitu, sawa, hilo ni kosa la kila mtoto anayeanza kuandika. Lakini hata wale wengine niliowapa hofu nilikuwa nimewapa hofu kubwa kubwa, kifo, kushindwa, mwisho wa binadamu. Hakuna askari wangu hata mmoja aliyekuwa anamuogopa mtu anayemjua kwa jina, mtu mwenye masharubu. Hofu ya mwisho wa binadamu kila mtu anayo kwa hiyo haikuambii lolote kuhusu huyu mmoja, ila ukiniambia huyu jamaa yuko katikati ya mizinga ya plazma anawaza laja, hapo nimeshaanza kumjua, nataka hata kujua mara ya mwisho alipoteza nini.

Nikamfukuza kazi Simba Radi. Mahali pake nikamleta Koplo Mwakio, Mtaita wa Voi, mrefu, mwoga wa lifti (ndani ya mji wenye lifti ya kwenda angani, maskini), na stoo nikampa Sajini Rukia ambaye hajawahi kufyatua risasi katika sura zote nilizoandika na ndiye anayeogopwa kuliko Covenant wote, yaani wale viumbe wa sayari nyingine wanaotushambulia. Nikaandika upya usiku ule wa kuanguka kwa mji. Mwakio anatembea kutoka Kizingo akiwa na bunduki tatu. Moja yake, mbili za wenzake ambao hawatembei tena. Zinamchubua bega, zinagongana kila akiinama, zinapiga kelele wakati anatakiwa anyamaze, mtu yeyote mwenye akili angezitupa. Hazitupi. Anafika chini kwenye stoo ya muda, Sajini Rukia yuko na taa ya betri na laja kubwa, anazipokea moja moja, anasoma namba, anaandika "imerudi". Imerudi. Imerudi. Halafu kwenye safu ya jina la aliyeichukua anaweka kalamu, haandiki kitu, anaifunga laja na kumwambia Mwakio aende akale.

Nilipomsomea mjomba hapo hakuniuliza swali. Akasema tu kwamba taa ya betri isingewaka muda wote huo bila kuzimwa zimwa. Nikarekebisha.

Kitu cha pili alichonifunza kilinichukua muda zaidi kukielewa, nacho ni "ndiyo afande". Mimi askari wangu walikuwa wanabishana na maofisa kama wabunge. Luteni anatoa amri, koplo anamkatalia, anampa hotuba kuhusu dhamiri, luteni anaona haya. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia wewe umeona wapi koplo anamwambia luteni hapana. Nikamuuliza kwani mlikuwa mnakubali kila kitu? Akasema nani kakwambia tulikuwa tunakubali? Tulikuwa tunasema ndiyo afande. Akaanza kunionyesha. Ipo ndiyo afande ya haraka haraka, hiyo ni kwamba nimekusikia naenda. Ipo ya kuvuta, ndiiyo afande, hiyo ni kwamba amri yako ni ya kijinga lakini mshahara ni mshahara. Ipo ya sauti ya juu mno, mbele ya watu, hiyo ni ya kumfanya ofisa mwenyewe asikie alichokisema. Na ipo moja ya kimya kimya, unamtazama chini ya kifua, hapo luteni mwenye akili anajua hili jambo halitafanyika, litapata ajali njiani, gari litakataa kuwaka, redio itapoteza mawimbi, na hakuna wa kushtakiwa. Luteni asiye na akili hajui, ndo utamjua kwamba hana akili.

Wallahi nilikaa na daftari nikaziandika zote. Saa hii nikiandika mazungumzo ya askari na mkubwa wake najiuliza kwanza hii ni ndiyo afande gani, na mara nyingi mstari mmoja unatosha pale nilipokuwa naweka ukurasa. Hotuba za kabla ya vita nimezifuta zote. Nilikuwa na kanali mmoja anahutubia kurasa mbili mji ukiwa unawaka, mjomba alilala, kabisa, kichwa kifuani, nikasoma mpaka mwisho nikamuamsha nikamuuliza umeonaje akasema huyu bwana anagombea kiti gani. Usiku wa kabla ya jambo gumu, anasema, wao walikuwa wanabishana kuhusu maharagwe. Nani aliyechukua mengi. Ubishi mkali wa maharagwe, mpaka watu hawasemeshani.

Na hii tabia ya kuandika redio kwa Kimarekani cha sinema kila sentensi ina "roja roja" jamani tuiache, hata sina la kuongeza hapo.

Siku moja mjukuu wake mjomba alikuwa amekuja na laptopu tukamwekea Halo yenyewe, tukamsogeza karibu na kioo aone kivulivuli. Nilitaka azione zile silaha za nguvu na Master Chief, shujaa mkuu wa gemu. Yeye akaona Grunt. Kwa wasiojua, Grunt ndo wale askari wadogo wadogo wa Covenant, wafupi, wamebeba mtungi wa gesi mgongoni manake hawavuti hewa yetu, wakiona kiongozi wao ameuawa wanarusha mikono juu na kukimbia hovyo. Na ukifika kimya kimya unawakuta wengine wamelala lindo, kabisa, wanakoroma. Mjomba alipoambiwa yule pale amelala alifurahi kama amemwona ndugu yake. "Huyu ndo askari!" Akataka tusimpige. Mjukuu akampiga. Mjomba alinuna mpaka tukamletea chai.

Hapo nilipata aibu kidogo, kwa sababu mimi Grunt kwangu walikuwa namba, wanakufa kumi kumi kwa sentensi moja. Sasa kuna sura nzima ambayo Mwakio yuko juu ya paa anamtazama Grunt mmoja aliyelala kwenye ngazi ya duka, mtungi wake unatoa sauti kama ya birika, na amefunikwa miguu kwa turubai, mtu kamfunika, manake yeye mwenyewe mikono haifiki. Yaani kuna Grunt mwingine alipita hapo akaona mwenzake analala akamfunika. Sikuandika kama Mwakio alimpiga au hakumpiga. Wasomaji wawili watatu wameniandikia wananidai jibu, na jibu sina.

Master Chief mwenyewe sijawahi kumweka ndani, anapita tu kwa mbali, nyayo zake zinasikika. Lakini kuna Spartan mmoja wa kwangu, askari wa kutengenezwa na jeshi kama yeye, alikuja kukaa na platuni ya Mwakio usiku mmoja na mjomba akauliza, huyu na lile vazi lake ana uzito gani? Nikamwambia karibu nusu tani. Akafikiria. "Sasa anakaa wapi?" Sikuwa nimelifikiria hilo hata sekunde moja. Kiti kitamvunjikia. Kitanda pia. Kwenye gari upande wake unalala. Nikarudi kwenye sura, nikamkalisha chini sakafuni, mgongo ukutani, wenzake wote wamekaa juu ya masanduku ya risasi, kwa hivyo kwa mara ya kwanza wanamwangalia kutoka juu, na mmoja wao bila kufikiri anampokeza kikombe cha chai kwa chini kama unavyompa mtoto. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaza aya tatu za upweke wa shujaa. Zote nikazitoa, chai imebaki.

Isionekane kwamba mambo yalikuwa mteremko. Nilivyonogewa na laja nikapotea kabisa. Sura ya sita ilikuwa soksi, buti, foleni, fomu, maharagwe, soksi tena. Rafiki yangu anayenisomea kabla sijaweka hadharani aliniuliza kama nimeandika hadithi ama orodha ya duka. Nikajitetea kwamba huo ndo uhalisi, na nikaenda kwa mjomba kutafuta shahidi. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho akasema, sasa mbona hakuna vita? Nikamwambia si wewe uliniambia! Akasema mimi nilikwambia habari ya tochi kwa sababu palikuwa na mabomu. Tochi ikianguka hapa barazani nitaiokota, nani atanisikiliza.

Basi sura ya sita niliifuta.

Lakini pigo lenyewe halikutoka kwa mjomba, lilitoka kwa mkaza mjomba, ambaye miaka yote hiyo anapita na sinia za mahamri akijifanya hasikii. Nilikuwa namweleza mjomba asili ya Spartan, kwamba kwa hadithi ya Halo mwaka 2517 watoto 75 wa miaka sita waliibwa majumbani kwao na ujasusi wa jeshi, wakafundishwa vita, na wakiwa na miaka 14 wakapasuliwa na kutiwa madawa ya kuwafanya wawe na nguvu, 30 kati yao wakafia hapo hapo. Na nyumbani walikuwa wameachiwa wazazi watoto wa bandia waliotengenezwa kwa chembe za wale wa kweli, ambao wakaugua na kufa, ili mzazi azike na asiulize. Mi nilikuwa naisimulia kama ile sehemu tamu ya hadithi, siri nzito. Mkaza mjomba akasimama na sinia lake. Akamgeukia mumewe, si mimi, akamwambia, "Wewe tochi ulisainia. Hao watoto, nani aliwasainia?"

Mjomba hakujibu. Mimi sikujibu. Akaingia ndani.

Nimecheza hizi gemu zaidi ya miaka kumi na mitano, nimesoma kila kitu, nimebishana na watu usiku kucha kuhusu unene wa vyuma vya meli, na hilo swali halikuwahi kunipita kichwani kwa namna hiyo. Nikampa Sajini Rukia. Katika sura ya tisa yule Spartan anakuja stoo kuchukua risasi na Rukia anamwambia jina, namba, saini hapa. Anaandika namba. Rukia anasema nimesema jina. Anaandika jina moja, la kwanza, la pili hana. Rukia anafungua laja nyuma, nyuma kabisa, kurasa za kuingia vitu, anasema kila kilichomo humu kuna mtu alikileta na kuna mtu alikipokea, wewe nikutafute ukurasa gani? Na Spartan, ambaye huko nyuma nimemwonyesha anang'oa mlango wa kifaru kwa mikono, anasimama tu pale kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mkaza mjomba nilipomsomea alisema yule mwanamke wa stoo amekaa vizuri. Halafu akaniuliza mamake yule kijana yuko wapi, naye nimwandike. Nimejaribu mara nne. Kila mara namfanya analia makaburini na nikisoma naona si yeye, ni mimi nalia. Bado sijajua anamuogopa nani, yule mama.

Sasa hivi nimekwama mahali pengine. Mjomba ameniambia Mwakio amefanya kazi sura kumi na moja bila livu, yaani likizo, na hilo si haki, mimi kama mkubwa wake ni lazima nimpe siku 14 aende kwao. Mkaza mjomba akaongeza asiende mikono mitupu, achukue sukari na mchele na kitambaa cha mamake. Nikacheka nikasema sawa.

Wao hawajacheza gemu mpaka mwisho. New Mombasa inaanguka tarehe 20 Oktoba 2552. Vita vya Voi ni tarehe 17 Novemba, inakuja ile kitu inayoitwa Flood, vimelea vinavyowavamia viumbe na kuwageuza, na ili isisambae eneo lote linachomwa kutoka juu, mpaka admeri anawafokea waliochoma kwamba wameunguza nusu ya bara. Nimehesabu kwa vidole mara nyingi. Akiondoka mapema, na kuna siku za kurudi, anaweza kuwahi kutoka. Akichelewa wiki moja yuko kwao, anakula kwa mamake.

Fomu ya livu nimeshaiandika ndani ya hadithi. Jina, namba, kompani, mahali atakapokuwa: Voi. Tarehe sijajaza. Jana mjomba amenipigia simu ananiuliza kama kijana ameshapanda basi, nikamwambia bado, Sajini Rukia hajasaini.